Mtihani wa kusikiliza uliobadilishiwa rekodi

Malalamiko yalikuwa ya ukurasa mmoja, yamesainiwa na zaidi ya nusu ya darasa. Wanafunzi walitaka mtihani wa pili wa kusikiliza ufutwe kwa sababu muziki uliopigwa siku ile, walisema, haukuwa ule waliofundishwa. Profesa aliusoma ukurasa ule akacheka. Akausoma tena, na safari hii hakucheka. Beethoven alikuwa yuleyule, Haydn yuleyule, Mozart yuleyule, kila nota mahali pake. Rekodi tu ndizo zilizokuwa nyingine.

Somo lenyewe ni utangulizi wa muziki wa klasiki wa Magharibi, katika chuo kimoja cha umma katikati ya Marekani, na mimi nilikuwa mwalimu msaidizi, yaani msahihishaji. Masomo ya aina hii yamejaa vyuoni kule. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kimelifanya la lazima kwa wanafunzi wake wa shahada ya kwanza katika Columbia College tangu 1947. Kwingine ni la kuchagua, lakini mwanafunzi wa uuguzi au uhasibu lazima achukue angalau somo moja la sanaa kabla ya kuhitimu, na hili lina sifa ya kuwa alama za bure. Hivyo ukumbi hujaa watu ambao wengi wao hawajawahi kukaa mbele ya orkestra hata siku moja. Wanaanza na nyimbo za watawa wa zama za kati, wanapita kwa Bach na Händel, wanakaa kwa Haydn, Mozart na Beethoven, na mwisho wa muhula wako kwa Debussy na Stravinsky.

Katikati ya safari hiyo kuna mtihani wa kusikiliza. Hupigwa vipande kumi, kila kimoja nusu dakika, na mwanafunzi anaandika mtunzi, jina la kazi, sehemu yake na takriban mwaka. Mtindo huu ni wa enzi za sahani za santuri, pale mwalimu alipokuwa anadondosha sindano popote apendapo kwenye sahani na darasa kuanza kukuna vichwa. Siku hizi sindano haipo, ila orodha ya rekodi iko kwenye simu ya kila mwanafunzi, na kujiandaa maana yake ni kuisikiliza orodha hiyo kwenye basi, jikoni na kitandani.

Mtihani wa kwanza ulikwenda vizuri mno. Kisha ikaja likizo fupi ya katikati ya muhula, na maktaba ya chuo ikabadilisha mkataba wa huduma yake ya muziki mtandaoni. Rekodi kadhaa za kwenye orodha zikatoweka. Profesa akaziba mapengo kwa rekodi nyingine za kazi zilezile, hakuona jambo la kutangaza, na kwenye mtihani akaamua pia vipande vingine vianze katikati badala ya mwanzo. Wanafunzi nao walikuwa wameshazoea zile za zamani. Alama zikaporomoka, hata kwa wale waliokuwa wamepata karibu zote mara ya kwanza.

Swali la haraka la ofisini lilikuwa kama mtihani ulikuwa wa haki. Mimi lililonikaa kichwani ni jingine: katika mtihani wa kwanza, hawa watu walikuwa wanatambua nini hasa?

Majibu ya makosa yalieleza zaidi kuliko majibu sahihi. Chukua kipande cha Simfonia ya Tano ya Beethoven. Kwenye orodha ya mwanzo ilikuwa rekodi ya mwongozaji Carlos Kleiber na Wiener Philharmoniker, orkestra ya Vienna, ya mwaka 1974, orkestra kubwa ya kisasa, sauti nzito inayong'aa. Kwenye mtihani ikapigwa ya John Eliot Gardiner ya miaka ya 1990, inayotumia vyombo vya namna ya enzi za Beethoven: nyuzi za utumbo kwenye fidla, horni zisizo na vali, yaani vitufe vya kubadilisha nota, na mwendo wa kasi unaokaribia ule ambao Beethoven mwenyewe aliuandika kwa namba za metronomu, kifaa cha kupimia mwendo: nota nusu 108 kwa dakika. Kipande kilianzia pale ambapo orkestra nzima inarudi na zile nota nne zinazojulikana dunia nzima, tatu fupi na moja ndefu, kisha muda mfupi baadaye kila chombo kinanyamaza na obo moja, chombo cha kupuliza, inabaki peke yake, ikipiga kifungu cha polepole kama mtu aliyesahau kwamba wenzake wana haraka. Kifungu hicho hakikuwepo sehemu hiyo ilipopita mara ya kwanza. Ni moja ya mshangao mkubwa wa simfonia yote.

Wengi waliandika Debussy.

Nilipoliona jibu hilo kwenye karatasi ya tatu na ya nne nilianza kulielewa. Kazi ya Debussy iliyokuwa kwenye orodha, ile ya mwaka 1894 kuhusu alasiri ya fauni, kiumbe wa hadithi aliye nusu mtu nusu mbuzi, inaanza na filimbi moja peke yake. Kwenye daftari la kujikumbusha, "chombo kimoja cha kupuliza, peke yake" kilikuwa kimeshakuwa lebo ya Debussy. Nota nne za Beethoven zilikuwa zimesikika sekunde chache tu kabla, lakini sauti ya orkestra ile haikuwa sauti ya lebo yao ya Beethoven, basi hazikuhesabiwa.

Mwanafunzi mmoja wa uuguzi, aliyekuwa na alama za juu kabisa kwenye mtihani wa kwanza, alikuja ofisini kuzungumzia karatasi yake. Nikamuuliza aliitambuaje Simfonia ya Tano safari ile. Akanijibu bila kuona haya: kwa ule mvumo wa ukumbi kabla hawajaanza. Kila rekodi kwenye orodha, alisema, ina namna yake ya kufunguka. Nyingine ina mkwaruzo mdogo, nyingine pumzi, nyingine kimya kizito, na yeye akishasikia hilo kalamu inaanza kuandika. Hakuhitaji kungoja nota. (Beethoven kweli ameianza simfonia hii kwa kituo kifupi cha kimya kilichoandikwa kwenye karatasi, kabla ya nota ya kwanza. Mwanafunzi yule alikuwa anausikia mwanzo wa kazi kuliko alivyojua, ila si kwa sababu tuliyomfundisha.)

Huo si udanganyifu, wala si uvivu. Sikio la binadamu ndivyo lilivyo. Mwaka 1999 mwanasaikolojia Glenn Schellenberg na wenzake wawili walichapisha utafiti ambapo watu walisikilizishwa vipande vya nyimbo maarufu vya milisekunde 100 na 200, muda usiotosha hata nota moja kuimbwa sawasawa. Hata kwa milisekunde 100 walilinganisha vipande na majina ya nyimbo vizuri kuliko mtu anayebahatisha. Katika muda huo hakuna melodi ya kukumbuka. Kuna rangi ya sauti tu: ile gitaa, ile ngoma, ile studio. Ukimpa mtu mwenye sikio la namna hiyo orodha yenye rekodi moja kwa kila kazi, kisha ukamwambia atapimwa kwa kuzitambua, atachukua njia fupi kwa sababu njia fupi inafika. Wanafunzi wetu walikuwa wamejifunza vizuri sana kile tulichowapima, na kile tulichowapima hakikuwa muziki wa Beethoven. Kilikuwa kazi ya mhandisi wa sauti mwaka 1974.

Lawama hii ina historia ndefu. Kati ya 1928 na 1942 mwongozaji wa orkestra Walter Damrosch alikuwa na kipindi kwenye redio ya NBC cha kuwafundisha watoto wa shule za Marekani kusikiliza muziki wa klasiki. Ndio ulikuwa wakati ambapo melodi za simfonia zilipachikwa maneno ili watoto wazikumbuke. Kuna yaliyopachikwa kwenye simfonia ya Schubert isiyokamilika, yakisema kwamba Schubert aliiandika na hakuimaliza. Mtu aliyejifunza hivyo hawezi tena kuisikia melodi ile bila tangazo hilo juu yake. Mwanafalsafa wa Kijerumani Theodor Adorno, aliyefika New York mwaka 1938 akikimbia utawala wa Hitler, alifanya kazi kwenye mradi wa utafiti wa redio wa Princeton na akaandika uchambuzi mkali wa kipindi cha Damrosch, ambao haukuchapishwa hadi 1994. Hoja yake moja ilikuwa kwamba msikilizaji anafundishwa kufurahia kutambua, si kusikiliza: melodi ikipita anasema "naijua hiyo", na akishasema hivyo kazi yake imeisha. Adorno alikuwa na dharau nyingi, na aliyoyaandika kuhusu jazi hayanishawishi hata kidogo. Hapa lakini alilenga palepale.

Sasa tazama vipande viwili ambavyo darasa halikuanguka.

Cha kwanza ni "Haleluya" ya Händel, kutoka oratorio (kazi ndefu ya kwaya, waimbaji na orkestra) iliyopigwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Kwenye orodha ilikuwa rekodi ya Thomas Beecham ya 1959, yenye orkestra iliyopanuliwa hadi matoazi. Kwenye mtihani ikapigwa ya Christopher Hogwood ya 1980, kwaya ndogo na vyombo vichache. Ukizipiga moja baada ya nyingine unaweza kudhani ni watu wa sayari mbili. Hakuna mwanafunzi aliyekosa. Si kwa sababu ni maarufu tu, maana Simfonia ya Tano nayo ni maarufu. Karibu kila mtu darasani alikuwa ameimba "Haleluya" shuleni au kanisani, au amesimama katikati ya watu wanaoimba. Msomaji aliyekulia kwenye kwaya za kwetu, na daftari lake la sol-fa, anaelewa: ukishaimba sauti ya tatu ya wimbo fulani Krismasi baada ya Krismasi, hakuna rekodi inayoweza kukupotosha.

Cha pili kilinishangaza zaidi: fuga ya Bach, yaani kazi ambamo melodi moja huingia sauti baada ya sauti, ya G maina (ufunguo wenye sauti ya huzuni), namba BWV 578 kwenye orodha ya kazi zake, kazi ya kinanda cha kanisani. Hakuna aliyekuwa ameiimba popote. Ila wiki tulipoifundisha, profesa aligawa darasa makundi manne, moja kwa kila sauti, na kila kundi likaambiwa lisimame mara tu linapoisikia melodi ikiingia kwenye sauti yake. Sauti ya kwanza inaanza peke yake juu, ya pili inaijibu, ya tatu, kisha ya nne kule chini kwenye pedali za miguu. Kundi la nne lilichelewa, likachekwa, tukarudia. Kwenye mtihani ilipigwa kwa kinanda tofauti, kanisa tofauti, mwendo tofauti, na wengi waliipata. Kuna aliyeandika pembeni ya karatasi: "nimesubiri besi."

Kusubiri ndiko kulikokosekana kwingine kote. Mwananadharia wa muziki Leonard Meyer, kwenye kitabu chake cha 1956, alijenga nadharia nzima juu ya hoja kwamba maana ya muziki inatokana na matarajio: muziki unakufanya utegemee kitu, kisha unakupa, unakuchelewesha au unakunyima. Mwanafunzi anayetambua mvumo wa ukumbi hana anachotarajia. Ameshapata jibu, na dakika saba zinazobaki hazimhusu. Mwanafunzi anayemsubiri besi yuko ndani ya muziki, hata kama jina la Bach limemtoka.

Mfano hai wa hilo alikuwepo darasani. Kijana mmoja kutoka Goma, mpiga kinanda wa kanisa la Kiswahili kwenye mji wa chuo, alifeli mtihani wa kwanza na wa pili kwa kiwango kilekile. Rekodi kubadilishwa hakukumpunguzia wala kumwongezea. Majina yalikuwa hayamkai, na miaka ndiyo kabisa. Nilimkuta nje ya ukumbi akiwa na spika masikioni, anasikiliza Simfonia namba 40 ya Mozart, ile ya 1788, na kwa kuwa tulikuwa wawili tu akaacha Kiingereza. "Kaka," akasema, "ile wimbo ya pili, mara ya kwanza iko inacheka. Inaporudi iko inalia. Juu ya nini anafanya vile?"

Hilo ndilo swali ambalo wiki nzima ya mihadhara ilikuwa inajaribu kuwafanya watu waulize. Katika sehemu ya kwanza ya simfonia ile, melodi ya pili inatokea mwanzoni kwenye ufunguo mchangamfu wa B-flati meja, nyepesi. Kazi inapokaribia mwisho na melodi zote zinarejeshwa, inarudi kwenye G maina, umbo la melodi ni lilelile, uso umebadilika. Beethoven kwenye Simfonia ya Tano anafanya kinyume: kazi iko kwenye C maina, lakini melodi yake ya pili inaporudi inatoka kwenye C meja, kama nafuu ambayo haitadumu. Kijana wa Goma aliyasikia hayo kwa sababu kila Jumapili anawabadilishia watu ufunguo katikati ya pambio na kuona nyuso zao zinavyogeuka. Mtihani wetu haukuwa na mahali pa kumpa alama hata moja kwa hilo.

Profesa, kwa sifa yake, hakujitetea sana. Alama za mtihani wa pili zilifutwa na nusu ya muhula iliyobaki ikapangwa upya. Kila kazi ikawekewa rekodi mbili tangu siku ya kwanza, na darasa likaambiwa mtihani unaweza kuleta hata ya tatu. Kuliko yote, mazoezi ya kusubiri yakawa ya kila wiki. Lililochangamsha zaidi lilikuwa la kwarteti ya Haydn, kazi ya vyombo vinne vya nyuzi, Opasi (yaani kazi) ya 33 namba 2, ya 1781, inayoitwa "Utani". Wanafunzi waliambiwa wainue mkono watakapokuwa na hakika kwamba muziki umeisha. Haydn mwishoni anaikatakata melodi yake vipandevipande na kuweka kimya kati ya kipande na kipande. Mikono inapanda, fidla zinaendelea, mikono inashuka kwa aibu. Kisha kimya kirefu kuliko vyote, kila mkono uko juu, na melodi inaanza tena kwa sauti ndogo, inakatika palepale, na hapo ndipo mwisho. Ukumbi uliangua kicheko. Utani wa mtu wa 1781 ulikuwa umefika, na ili ufike ilibidi kila mtu awe na tegemeo la kuvunjwa.

Tulibishana na profesa kuhusu miaka na majina. Mimi nilitaka vipunguzwe sana. Yeye alikataa, na hoja yake moja ilinibadilisha. Kwenye sehemu ya kwanza ya Simfonia ya Tano, horni ndizo zinazopiga mwito wa kuitangaza melodi ya pili. Mwito huo unaporudi baadaye, Beethoven ameuandikia basuni, chombo chenye sauti ya kukwaruza kidogo isiyo na ubavu wa horni. Maelezo ya kawaida ni kwamba horni za 1808 hazikuwa na vali, na zile zilizokuwa zimepangwa kwa E-flati zisingeweza kuupiga mwito ule kwenye ufunguo mpya. Waongozaji wengi wa karne ya 20 waliona bora kuurudisha kwa horni za kisasa. Wengine wanabaki na basuni kama ilivyoandikwa. Mwanafunzi mwenye rekodi mbili anaweza kuisikia tofauti hiyo mwenyewe, lakini hawezi kuielewa bila kujua mwaka na vyombo vya mwaka huo. Tarehe ikitumika hivyo ina kazi. Tarehe ya kujaza nafasi kwenye karatasi haina.

Jambo jingine ambalo tulikubaliana ni kutowadai wanafunzi kile ambacho hata wenye mafunzo hakiwaingii kirahisi. Mwaka 1987 mtaalamu wa muziki Nicholas Cook alijaribu wanafunzi wa muziki kwa kuwapigia kazi zilizobadilishwa ili ziishie kwenye ufunguo tofauti na ule zilioanzia. Kwa kazi fupi mno tofauti ilionekana. Zikizidi kama dakika moja hivi, wasikilizaji hawakuonyesha kujali. Vitabu vya somo hili hupenda kueleza simfonia kana kwamba msikilizaji ameushika ufunguo wa mwanzo mkononi dakika kumi nzima. Hajaushika. Anachokishika ni melodi inayorudi, uzito wa orkestra, mahali ambapo kitu kimecheleweshwa, na uso wa melodi uliogeuka.

Kwa hiyo mtihani wa mwisho ukawa na vipande vichache vya kutambua, kutoka rekodi yoyote, na kazi moja ambayo haikuwahi kutajwa darasani: sehemu ya kwanza ya sonata ya piano ya Beethoven, Opasi 49 namba 2, iliyochapishwa 1805. Ilipigwa mara mbili. Maswali yalikuwa ni wapi melodi ya mwanzo inarudi, umejuaje, na nini hakiko kama kilivyokuwa. Mwanafunzi wa uuguzi aliandika kwamba alikuwa amejiandaa kwa sehemu ndefu ya katikati kama ile ya Simfonia ya Tano, na melodi ikamrudia kabla hajawa tayari, hata akadhani Beethoven anamtania kama Haydn. Sehemu ile ya katikati kweli ni fupi ajabu. Kijana wa Goma aliandika ukurasa mzima wa Kiingereza kibovu na masikio mazuri, na akafaulu, ingawa alimweka Händel karne ya 19.

Kusahihisha karatasi zile kulichukua wikiendi nzima na sehemu ya wiki iliyofuata. Mtihani wa zamani ulikuwa wa majina na miaka tu, na niliumaliza kabla ya chai. Mwaka uliofuata idara ilibakiza rekodi mbili kwa kila kazi, ambazo hazigharimu kitu, na ikaliondoa swali la kazi isiyojulikana kwenye madarasa yote yenye wanafunzi zaidi ya mia, kwa sababu hapakuwa na bajeti ya wasahihishaji. Columbia hulifundisha somo hili kwa vikundi vidogo vya semina. Chuo chetu kilikuwa na ukumbi wenye viti vya ngazi, profesa mmoja na wasaidizi wawili, na swali la kazi isiyojulikana likabaki kwenye darasa la jioni tu, lenye watu wachache.